Kipande cha Sikio na Kitabu cha Mchungaji

Baba yangu alizaliwa Endagikot, katika nyumba iliyozikwa nusu ndani ya mteremko, kama walivyojenga watu wa zamani ili aliyekuja kuiba ng'ombe asiione kwa mbali. Alilima mahindi na maharage. Ng'ombe wake hawakupata kuzidi saba, na walilala ndani, upande wa chini wa nyumba, nasi watoto tukawatambua kwa pumzi zao kabla ya kuwatambua kwa rangi. Mama yangu alizaliwa Hirbadaw, binti wa wafugaji wa tambarare, watu ambao hawakuwahi kushika jembe na waliomwona mkulima kuwa mtu aliyekosa kazi ya maana. Majina yao hutayaandika hapa. Wewe unayajua, na yeyote anayepaswa kuyajua atakuuliza. Mimi nilizaliwa Endagikot, nikahamia Mogitu nilipooa, na ni hapa Mogitu ninapoyasema haya nawe, mjukuu wangu, ukiyaandika.

Andika pia kwamba sikusoma. Baba aliona kuwa nyumba ikipeleka watoto wote shuleni itakosa mtu wa kuchunga, akanibakiza mimi. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Ndugu zangu walijifunza herufi. Mimi nilijifunza ng'ombe, tangu kwato hadi pembe, na nilipobatizwa nikiwa kijana nilijifunza Maandiko kwa kuyasikiliza. Nilimwomba kila aliyejua kusoma anisomee, nikamwambia arudie, nikayashika. Siku waliponichagua kuwa mzee wa kanisa, mwinjilisti wa wakati huo alisema kwamba akisahau mstari huja kwangu kabla ya kufungua Biblia. Alikuwa akitania, lakini nililipenda neno lile kupita kiasi. Ndilo lililonifanya niamini kwamba mtu aliyeyashika Maandiko kichwani hana haja ya kuelezwa na mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, mchungaji wetu alipohamishiwa hapa na sanduku la bati ambalo wazee wawili tulishindwa kulinyanyua, nikaona ndani yake si nguo wala vyombo bali vitabu, moyo wangu haukumpokea vizuri. Alikuwa kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani, mikono yake laini. Kitabu kimoja kilikuwa kinene kama tofali la kuchoma, jalada lake la buluu limefifia pembeni. Nilimwuliza kama hiyo ni Biblia ya aina nyingine. Akanieleza kuwa ni kitabu cha ufafanuzi: watu waliosoma lugha za kale ambazo manabii waliandikia wameuchukua mstari mmoja mmoja wa Maandiko na kueleza ulikuwa na maana gani kwa wale waliousikia kwanza. Alikuwa amepewa na mwalimu wake wa chuoni, siku mwalimu huyo alipostaafu.

"Kwa hiyo Mungu alisema," nilimwambia, "halafu watu hawa wakamsaidia kusema."

"Hapana, mzee. Wananisaidia mimi kusikia."

Niliona kwamba ana majibu ya haraka, na jambo hilo pia sikulipenda.

Sasa andika habari ya mtamba, maana bila hiyo msomaji hataelewa.

Katika nchi yetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza, na malisho ya mahali pamoja hayatoshi. Kwa hiyo humpeleka mmoja kwa ndugu au rafiki wa mbali, akamtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi. Masikio ya ng'ombe yamekatwa kwa alama ya nyumba yake, na alama hiyo inatosha. Ng'ombe akifa, mtunzaji huleta ngozi kwa mwenyewe ili aione alama na ajue kuwa mali yake haikuuzwa wala kuchinjwa kwa siri.

Mimi nilimpeleka mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, Hirbadaw, kwa mtoto wa mjomba wangu. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na tulikuwa tumependana tangu akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Mtamba alipata mimba huko. Halafu ukaja mwaka wa ukame, malisho yakaisha, na jioni moja ndugu yule akasimama mlangoni pangu hali amejaa vumbi hadi magotini. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa majani. Kilikuwa kipande cha sikio. Alama yetu ilikuwepo.

Alisema fisi wamemla. Nikamwuliza ngozi iko wapi. Akasema hakuna ngozi.

Nisikilize vizuri na uandike kama ninavyosema. Sikio huweza kukatwa kwa ng'ombe aliye hai. Mtu akitaka kumpeleka mnadani ng'ombe asiye wake, jambo la kwanza ni kuondoa alama. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri haraka kuliko inavyompasa mzee. Nilimwambia kwamba ng'ombe mzima hawezi kubaki sikio, nikaingia ndani. Bibi yako aliniambia nimpe hata maji. Sikumpa. Aligeuka akarudi Hirbadaw, na tangu siku hiyo tukikutana alinipa shikamoo nami sikuitikia.

Jambo hilo lingebaki kati ya nyumba mbili kama lisingeingia kanisani. Ndugu yule, ambaye baba zake wote walifuata dini ya jadi, alikuwa amejiunga na darasa la ubatizo pamoja na mkewe na watoto. Kanisa ambamo wao husali ni tawi la kwetu, na majina ya wanaobatizwa hupita mbele ya baraza la wazee hapa Mogitu. Jina lake lilipotajwa mara ya kwanza nilisema kwamba ana jambo na mtu ambalo halijamalizika. Wazee hawakuuliza ni jambo gani. Nilikuwa mkubwa wao, na neno langu lilitosha. Mkewe na watoto walibatizwa, yeye akabaki amesimama nyuma ameshika kofia. Mwaka uliofuata nilisema maneno yaleyale. Mwinjilisti wa Hirbadaw alituletea habari kwamba mtu huyo amesema jina lake likiondolewa mara ya tatu hatakuja tena, atarudi kwa desturi za baba zake na kuwaacha mke na watoto wasali peke yao. Niliisikia habari hiyo na sikubadilika. Pasaka ilikuwa imebakiza wiki chache.

Katika wiki hizo ndipo mchungaji alipohubiri kuhusu ng'ombe.

Mvua ilikuwa imechelewa tena na watu walikuwa na huzuni, naye alitaka kuwafariji. Alichukua maneno ya nabii mmoja wa kale, anaposema kwamba kama mchungaji anavyopokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio, ndivyo watu wa mji fulani watakavyookolewa. Akatueleza kwa sauti ya upole kwamba Mungu hatatuacha: hata kama tumebakiwa na kidogo, kidogo hicho Mungu atakiokoa. Nilitazama kulia na kushoto. Kina mama wazee walikuwa wamefunika midomo kwa khanga. Mfugaji mmoja wa nyuma alishindwa kujizuia, akatoka nje kucheka. Mchungaji alidhani ameguswa na neno.

Nilimsubiri mlangoni, watu wakipeana mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mchungaji, umewahi kuchunga?"

"Hapana, mzee. Hata mbuzi."

"Nilijua. Mtu akikuletea miguu miwili na sikio hajakuokolea ng'ombe. Amekuletea msiba."

Nilisema kwa sauti ambayo wengine waliisikia, na nilikusudia waisikie. Mchungaji mwingine angenikumbusha cheo chake. Huyu aliuliza kwa nini basi mtu ahangaike kubeba sikio, kama ng'ombe amekwisha kufa. Nikamjibu kwamba ni ili mwenye mali aone. Akauliza aone nini. Nikamwambia aende nyumbani akale.

Jumanne alikuja kwetu kwa miguu, kitabu kile cha buluu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi. Bibi yako alimpa kigoda na chai. Hakuanza kwa maneno mengi. Alisema amesoma, na amegundua kwamba mzee alikuwa sahihi na mahubiri yake yalikuwa na kasoro, naye ameona si haki kuligundua peke yake.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Alikuwa akisoma kimyakimya sentensi moja, kisha akinieleza kwa Kiswahili, nami nilimwambia asiruke kitu. Akanieleza kwamba nabii yule mwenyewe alikuwa mtu wa mifugo kabla ya kuitwa, na hakuwa akiwafariji watu wa mji, bali alikuwa akiwasuta. Wao walilala kwenye vitanda vizuri wakisema Mungu atatuokoa. Naye akawajibu kwamba ndiyo, mtaokolewa kama sikio linavyookolewa. Waliomsikia walikuwa wafugaji au watoto wa wafugaji, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walijua sikio ni la nini.

Huyo aliyeandika kitabu hajafika Mogitu. Sidhani kama amewahi kupewa ng'ombe wa kutunza. Amejuaje?

Nilimwuliza hivyohivyo, na mchungaji akanigeuzia ukurasa. Chini kulikuwa na maandishi madogo sana, yamepangana kama siafu wanaohama. Akasema hapo ndipo mwandishi anapotaja alikopata kila jambo. Katika sheria ya kale waliyopewa watu wa Mungu jangwani, mnyama aliyewekwa kwa mtu akiraruliwa na mnyama mkali, mtunzaji alete kilichobaki kiwe ushahidi. Tena mataifa ya jirani walikuwa na sheria zinazofanana na hiyo, wameziandika kwenye vibao vya udongo, na vibao hivyo vimefukuliwa na kusomwa. Nikamwambia arudie habari ya udongo. Aliirudia mara mbili. Nilijaribu kumwona mtu aliyekaa chini zamani zile, akibonyeza kwenye udongo mbichi jambo ambalo baba yangu alinifundisha tukiwa machungani kwa kunionyesha ngozi iliyotundikwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mchungaji alisema kwamba hapo chini mwandishi amemtaja mwenzake asiyekubaliana naye, anayesema kwamba huenda ndani ya suto lile mlikuwa na tumaini dogo, kwamba wachache watabaki.

"Nina mtetezi mmoja huku chini," alisema akitabasamu, "ila wamemwandika kwa herufi ndogo."

Nilitaka kujua kwa nini mwandishi amemwingiza mpinzani wake ndani ya kitabu chake mwenyewe. Mimi katika baraza, mtu akinipinga, simsaidii kukumbukwa. Mchungaji alisema kwamba kazi ya kitabu cha namna hiyo si kushinda, ni kumwonyesha mchungaji mahali palipo thabiti na mahali ambapo waliosoma maisha yao yote bado wanauliza, ili asisimame mbele ya watu akasema kwa nguvu jambo asilolijua. Nilimwambia kwamba Jumapili iliyopita kitabu hicho kilikuwa sandukuni. Akakubali. Alikuwa na mazishi mawili wiki ile, akahubiri bila kukifungua.

Tulikuwa tumepatana vizuri kuliko siku yoyote, nami nilifurahi, kwa maana nilikuwa nimeshinda. Nikamwambia aendelee. Yeye hakujua lolote kuhusu mtamba wangu. Alikuwa amesikia tu, kama wazee wengine, kwamba mtu wa Hirbadaw ana jambo ambalo halijamalizika. Kwa hiyo alisoma bila hila, na mimi nilisikiliza bila kujikinga.

Alisema mwandishi anaonya kwamba watu wengi husoma nusu ya sheria ile. Wanasoma wajibu wa mtunzaji, kwamba alete ushahidi, na kuishia hapo. Lakini sheria inaendelea. Mtunzaji akileta kilichobaki, halipi. Na ikiwa hakuna aliyeona mambo yalivyokuwa, kiapo mbele za Mungu kitakuwa kati ya hao wawili, na mwenye mali atapokea. Mwandishi anakaza hapo: mwenye mali naye amefungwa. Hakupewa ruhusa ya kukaa na shaka yake.

Bibi yako alikuwa ameshika birika. Alilishusha chini.

"Soma hapo tena, Mchungaji," alisema. "Mzee wako huyu anazeeka, huenda hajasikia vizuri."

Mchungaji alisoma tena. Mimi nilitazama nje, upande wa mlima. Alipomaliza, bibi yako alimsimulia habari yote, tangu mtamba hadi jina lililoondolewa mara mbili. Hakupunguza na hakuongeza. Sikumkataza, maana ningemkataza kwa kusema nini?

Nilijitetea, andika hilo. Nilimwambia mchungaji kwamba sikio huweza kukatwa kwa ng'ombe aliye hai, na nikamwuliza kitabu chake kinajibu nini. Alitafuta kwa muda mrefu. Alisoma juu, akasoma yale maandishi madogo, akageuza kurasa. Kama angekuwa mtu wa kutaka kunishinda angeweza kubuni jibu, nami nisiyejua kusoma nisingemkamata.

"Hakijibu, mzee," alisema. "Kinaniambia walivyofanya wao. Wewe na ndugu yako mtafanya nini, hakimo."

Akakirudisha kitabu kwenye mfuko wake, akaaga. Hakunihubiria. Hakunikumbusha kuwa Pasaka imekaribia. Nilitamani anikemee ili nipate cha kumkasirikia.

Siku tatu nilizunguka na swali moja. Sikuwa najiuliza kama ndugu yangu ni mwizi. Nilikuwa najiuliza kwa nini sheria imlazimishe mwenye mali apokee ilhali sikio linaweza kudanganya. Waliotunga sheria ile walikuwa wafugaji, haiwezekani hawakujua. Nilipokuwa nikipeleka ng'ombe kunywa maji ndipo nilipoanza kuona. Yeyote anayemweka ng'ombe kwa mwingine amekwisha kukubali kwamba kutakuwa na siku ambayo hakuona yeye mwenyewe. Kama anataka kuona kila kitu, amfuge mwenyewe. Na kuna kitu kingine nilikiona, kikanichoma: sheria ilitaka kiapo, yaani ilitaka mtunzaji apewe nafasi ya kusema. Mimi nilikuwa nimemwuliza ndugu yangu swali moja tu, na jibu lake nililifungia mlango.

Ijumaa nilikodi pikipiki hadi Hirbadaw.

Alikuwa kwenye zizi akiziba pengo kwa matawi ya miiba. Aliponiona alisimama wima, akanipa shikamoo kama alivyokuwa akinipa siku zote bila kujibiwa.

"Marahaba," nilisema. "Habari za hapa?"

Mkewe aliyekuwa akipita na kibuyu alisimama. Tulikaa. Maziwa yaliletwa nami nikayanywa, maana ningeyakataa ningekuwa nimeondoka kabla ya kufika. Kisha nikamwambia nimekuja anieleze mtamba alivyokufa, kwa sababu siku ile sikumwuliza.

Alisema mtamba alikuwa mzito, karibu kuzaa, na alikuwa dhaifu kwa njaa. Alfajiri aliwapeleka ng'ombe kwenye ziwa lililokuwa linakauka, naye mtamba akafuata maji hadi kwenye tope, akazama hadi tumboni. Alijaribu kumvuta peke yake akashindwa. Akamwacha akakimbia kutafuta wanaume wenye kamba. Waliporudi jua likiwa limechomoza fisi walikuwa wamekula upande wote ulio juu ya tope, na uliobaki ulikuwa chini, hauvutiki.

"Ngozi ilibaki topeni, kaka. Kichwa kilikuwa nje, nikakata nilichoweza kukata. Nikaja siku ileile, nisilale njiani, ili uone damu haijakauka."

"Kwa nini hukusema habari ya tope?"

"Ulikuwa umeingia ndani."

Kisha yeye mwenyewe akaongeza kwamba kosa analo, nalo ni kumwacha mtamba peke yake. Kama angepiga kelele akiwa palepale labda wanaume wangesikia. Jambo hilo sikuwa nimelijua, na mtu anayetunga uongo haongezi kosa lake mwenyewe. Lakini usiandike kwamba nilipata hakika. Sikupata. Ziwa lilikuwa limekwisha kujaa na kukauka tena, na hapakuwa na kitu cha kuonyeshana.

Aliniuliza kama aape, na kama nataka aape kwa njia ya baba zetu au kwa njia ya kanisa. Aliuliza kwa unyenyekevu, lakini niliona amekaza taya.

"Usiape," nilimwambia. "Nimekuja kupokea."

Aliinama akaokota tawi la miiba, akalitazama, akaliweka chini. Mkewe ndiye aliyelia.

Wiki iliyofuata baraza lilikaa, nami nilisimama kabla majina hayajasomwa. Niliwaambia wazee kwamba jambo ambalo halijamalizika lilikuwa langu, si lake, na kwamba kwa miaka miwili nimetumia kiti changu kumzuia mtu kwa shaka ambayo sikuwahi kuifungulia mdomo mbele yake. Nilisema ninaweza kuondoka kwenye baraza. Walinikatalia, ingawa si wote waliokataa kwa haraka. Mmoja, rika langu, ambaye amekuwa akinitania tangu tukiwa vijana, aliuliza kama ni kweli kwamba kitabu cha Kiingereza kimenifundisha habari za ng'ombe.

"Habari za ng'ombe mimi ndiye niliyekifundisha," nilimjibu. "Kilichonifundisha ni habari za mwenye ng'ombe."

Walicheka, na jina likapita. Alibatizwa Pasaka, kwa maji ya baridi, mkewe na watoto wakiwa mbele. Nilisimama upande wake kama msimamizi kwa sababu aliniomba.

Tangu wakati huo, kila Alhamisi mimi huenda nyumbani kwa mchungaji naye hunisomea. Hupendi ninapochelewa kurudi, najua. Nimemwuliza habari za visima, za watu wa nyanda na watu wa milima, za kwa nini nabii mmoja alikasirika na mwingine akanyamaza. Mara nyingine kitabu kinajua. Mara nyingine kinasema wasomi hawajui, na hapo ndipo ninapokiamini zaidi. Na mara chache mchungaji huniuliza mimi, kisha huchukua penseli akaandika niliyosema pembeni mwa ukurasa. Sijui anaandika nini. Amenisomea, lakini mtu asiyejua kusoma hana budi kupokea.

Ninasikia kwamba mwaka ujao atahamishwa. Atakayekuja huenda atakuja na sanduku jepesi. Ukikuta wazee wanambeza kwa kuomba vitabu, kama nilivyombeza huyu, waambie babu yako alisema mchungaji aliyeachiwa watu wengi namna hii asiachwe ahubiri kwa kukisia. Na ukikuta mchungaji anayesoma vitabu bila kuuliza watu, umwambie pia, lakini kwa heshima, si mlangoni mbele ya wengine.

Sasa sikiliza la kutunza. Kabla ya mvua za mwaka jana nilimpeleka mtamba mwingine, mweusi mwenye baka tumboni, kwa mtoto wa mjomba wangu huko Hirbadaw. Nikifa, baba yako na ndugu zake watataka kumrudisha. Asirudishwe. Maziwa ni yake, ndama ni wetu, na ndama wa tatu nimempa yeye, awe wake kabisa. Andika hilo wazi. Daftari hili litunze wewe, usimpe baba yako, kwa sababu atataka kutoa mahali nilipokosea ili nionekane vizuri kwa wageni wa msiba. Usitoe hata neno moja. Herufi zako nimeambiwa ni nzuri, ziache zilivyo. Na kabla hujafunga, nisomee yote tangu mwanzo, taratibu, nijue umeandika nilichosema.